Sura ya Saba: Sisimizi kwenye Kabati la Kioo

Filbert Ngonyani alikataa chai, akakataa maji, na sasa alikuwa anakataa kusema.

"Afande, mimi sijaiba. Zaidi ya hapo sina."

Inspekta Clotilda Haule alikisogeza kikombe pembeni ya meza. Watu wanaonyamaza kituoni alishawaona wa aina mbili: anayejificha mwenyewe na anayemficha mwenzake. Anayejificha mwenyewe hutoka jasho hata feni ikiwa juu ya kichwa chake. Huyu hakuwa na jasho hata kidogo, na feni ya kituo ilikufa tangu Pasaka.

"Sikiliza kaka yangu. Kile kisanamu kilichopotea ofisini kwenu kilishikwa na kishikio ulichotengeneza wewe. Skrubu yake umeificha chini, asiyejua hawezi kuiona. Alenkii ya kuifungulia tumeikuta mfukoni mwako. Mlango haukuvunjwa. Kesho asubuhi unapandishwa kizimbani, na hakimu hasomi moyo wa mtu. Nisaidie nikusaidie."

"Najua, afande."

"Na mkeo je?"

Hapo Filbert aliinua uso. Mkewe, Selina, anauza mitumba Mchikichini. Juzi askari walikwenda kumpekua mezani pake mchana kweupe, wakamwaga magauni yote chini, na nyuma yao alisimama bosi wa Filbert mwenyewe, Kishor, akipaza sauti: "Mume wako mwizi! Kisanamu kiko wapi?" Soko zima likasikia. Tangu siku hiyo wateja wanaizunguka meza ya Selina kama watu wanaokwepa dimbwi.

"Mwambieni avumilie," Filbert alisema. "Itaisha."

"Itaishaje?"

"Itaisha tu."

Clotilda alilifunga jalada. Mtuhumiwa anayeamini kesi itaisha yenyewe ama ni mjinga, ama kuna mtu anamsubiri. Na Filbert hakuwa na sura ya ujinga.

*

Ofisi ya Kishor iko Mchafukoge, ghorofa ya tatu, juu ya duka la vitambaa. Ukiingia utadhani umeingia kwa fundi seremala aliyeoa mchoraji: huku mbao na misumeno, kule michoro imetanda ukuta mzima. Kazi yao ni kubuni na kutengeneza maonyesho ya makumbusho. Wanatengeneza makabati ya kioo, wanapanga taa, wanaandika yale maelezo ya ukutani ambayo wengi wetu tunayapita bila kuyasoma. Sasa walikuwa wanakimbizana na kazi ya jumba jipya la kumbukumbu za jiji, linalofunguliwa Jumamosi, na katikati ya maonyesho yote kilikuwa kikae hicho kisanamu: Krishna mtoto, wa shaba, anatambaa, ukubwa wa kiganja. Kilikuja mjini mikononi mwa bibi mzaa baba wa Kishor, aliyetoka nacho Gujarati.

Pale chini mlangoni Clotilda alimkuta mlinzi, Elisaria, mtu mrefu mwenye redio sikioni.

"Asubuhi ile kilipopotea, nani aliingia?"

"Hakuna mgeni, afande. Aliyefungua ni Filbert, kama kawaida yake. Wengine wakaja baadaye."

"Una hakika?"

"Mgeni apite hapa nisimwone? Labda awe jini. Ila nikwambie kitu, maana mimi sifichi. Jioni ya kuamkia siku hiyo nilimwona Filbert anashuka na kifurushi, kakifunga kwa gazeti, kaelekea Gerezani. Kwa wale wa vyuma chakavu."

Clotilda aliliweka hilo kichwani, akapanda ngazi.

Bhoomi, binti wa Kishor, ndiye mbunifu mkuu wa ofisi. Alimpeleka moja kwa moja kwenye kabati la majaribio. Kumbe kila kitu hupangwa kwanza hapo ofisini, na taa zake na kishikio chake, ndipo kihamishiwe kwenye jumba lenyewe. Kioo cha mbele kilikuwa bado hakijafungwa.

"Hiki ndicho kishikio," Bhoomi alionyesha. Nyaya mbili nyembamba za shaba, zimevishwa mpira laini, zimepakwa rangi ya kisanamu chenyewe. "Filbert anaipaka mpaka ukisimama pale unadhani kitu kinaelea. Hakuna fundi kama yeye mjini hapa."

"Kikulacho ki nguoni mwako!" Kishor alidakia kutoka mezani kwake. Alikuwa mtu wa makamo, shati limepigwa pasi mpaka mikono, macho mekundu kwa kukosa usingizi. "Nimemfundisha kazi mwenyewe. Watu wa makumbusho wananipigia simu kila saa. Inspekta, mbaneni mpaka aseme!"

Clotilda alikuwa ameinama. Skrubu ilikuwa imerudishwa mahali pake na kukazwa. Kitambaa laini kilichokuwa chini ya kisanamu kilikuwa kimekunjwa vizuri, pembe kwa pembe.

"Kabati hili kuna aliyeligusa tangu siku ile?"

"Hakuna. Askari walituzuia."

"Basi mwizi wenu ana adabu. Kaiba, kakaza skrubu, kakunja na kitambaa."

Kisha akaona mstari mweusi mwembamba ukipanda mguu wa kabati. Ulikuwa unatembea. Aliufuata kwa kidole bila kuugusa: sisimizi, wanatoka kwenye ufa wa sakafu, wanapanda mpaka ndani ya kabati, wanazunguka tone moja lililokauka karibu na kishikio. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na habari na meza nyingine.

"Hapa mnakula?"

Bhoomi alishtuka kama ametukanwa. "Hapa? Hata pipi haingii! Chakula kinaleta wadudu, na wadudu wanakula vitu vya makumbusho. Chai yenyewe tunanywea ngazini, baba akiwemo."

"Ni gundi hiyo," Kishor alisema.

"Gundi gani hiyo wanayoipenda sisimizi, mzee?" Clotilda aliinusa. "Haya ni maziwa. Na yana sukari."

Baba na binti wakatazamana.

"Mwenye kisanamu hasa ni nani?"

"Cha familia. Ni cha mama yangu, Ranjanben, ila mkataba nilisaini mimi."

"Yeye anasemaje?"

"Mama hajui kitu!" Kishor alisimama. "Na asijue. Ana ugonjwa wa moyo yule. Akisikia Lalji kaibiwa, tutamzika wiki hii hii. Lalji ndilo jina lake pale nyumbani. Asije akapita hapa akasikia, nimemwambia ofisi inapakwa rangi, abaki ndani apumzike. Inspekta, nakuomba kwa heshima zote, mama yangu muache."

"Sawa," Clotilda alisema, kwa sababu wakati ule bado alikuwa na Gerezani kichwani.

*

Kutoka Mchafukoge hadi Gerezani si mbali, ila kuna Kariakoo katikati, na Kariakoo haina mwendo wako. Inakupa wa kwake. Clotilda alipishana na mikokoteni iliyojaa mabelo ya mitumba, akapigwa bega na mtu aliyebeba magodoro, akavuka njia ya mwendokasi mbio, akafika kwa Mbaruku jasho linamtiririka.

Mbaruku ananunua vyuma chakavu na kuchomelea. Karakana yake imejaa injini zilizofunguliwa, na alikuwa amekaa juu ya mojawapo, anakula muhogo wa kukaanga.

"Mambo, Mbaruku."

"Poa, afande. Nimekosa nini tena? Zile nyaya za umeme si zangu, nilishasema."

"Hakuna aliyekuuliza nyaya. Filbert, fundi wa Mchafukoge, alikuletea nini?"

Mbaruku aliacha kutafuna. "Yule kaka wa makumbusho? Aa, yule mteja wangu. Ananunua vipande vya shaba kila wiki. Jamaa mstaarabu, hata bei hagombani."

"Jioni ile alikuja na kifurushi. Kulikuwa na nini ndani?"

"Afande, ukisikia utacheka."

"Nichekeshe."

"Bembea."

"Bembea gani?"

"Bembea ya mdoli! Hivi hapa." Alipima kwa mikono, kama mtu anayepima mkate. "Ya mbao, ina minyororo ya fedha, mmoja umekatika. Anataka niunge. Wallahi nilimcheka. Nikamwambia, Filbert, umeanza kuchezea midoli? Akasema, 'Si yangu. Ya mtoto wa watu, kesho ni bethdei yake.' Nikamuungia, akashukuru, akaondoka. Kama bembea nayo ni ya wizi mimi sijui, msije mkanibebea mitungi yangu ya gesi."

"Kisanamu cha shaba je?"

"Sijakiona. Na angeniletea nisingekipokea. Miungu ya watu siiyeyushi mimi, naogopa!"

Hakuwa anadanganya. Akidanganya Mbaruku huapa mara tatu, na leo ameapa mara moja tu. Clotilda alisogea pembeni, akampigia simu Bhoomi.

"Dada Bhoomi, kwenu kuna mtoto aliyekuwa na bethdei juzi, siku kilipopotea kisanamu?"

"Mtoto? Kwetu hakuna mtoto. Mdogo kabisa ni mimi." Sauti yake ikashuka. "Inspekta... juzi ilikuwa Janmashtami. Siku ya kuzaliwa Krishna."

"Na nani mwenye bembea ndogo ya mbao, minyororo ya fedha?"

Upande wa pili kiti kilikwaruza sakafu.

"Ba," Bhoomi alisema. "Bibi yangu. Ilikatika siku nyingi."

"Basi shuka, nisubiri pale chini. Na baba yako usimwambie."

*

Ranjanben anaishi mtaa wa pili kutoka ofisini, kwenye ghorofa ya zamani yenye roshani za mbao. Kishor alishahamia kwenye nyumba kubwa nje ya mji. Mama yake alikataa katakata kuhama, akabaki na binti wa kazi na jirani zake wa tangu utoto. Alizaliwa Kariakoo, na Kiswahili chake ni kile cha watu wa zamani wa Kariakoo, hakina haraka.

Clotilda alivua viatu mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani." Alikuwa mwembamba, sari nyeupe, miwani imefungwa kamba shingoni. Alimpa Bhoomi shavu abusu, kisha akaweka kidole mdomoni. "Semeni polepole. Amelala."

"Nani, Ba?" Bhoomi aliuliza, ingawa jibu alikuwa nalo.

Bibi alivuta pazia dogo la hariri kwenye pembe ya chumba. Bembea ilining'inia, mnyororo mmoja unang'aa kuliko mwingine pale ulipoungwa, na ndani yake, chini ya kishuka cha njano, alilala mtoto wa shaba.

Bhoomi alikaa chini sakafuni pale pale.

"Mama," Clotilda alisema, "mimi ni polisi. Naomba unieleze alivyofika hapa."

Ranjanben hakushtuka. Alionekana kushangaa tu kwamba jambo dogo hivyo linauliziwa na serikali.

"Kishor aliniomba. Akasema, mama, watu wote wa jiji watamwona. Nikasema ndiyo. Ni mdomo ndio uliosema. Huyu tangu mama mkwe wangu anaamshwa, anaogeshwa, anavishwa, anapewa maziwa, analazwa. Leo nimweke kwenye sanduku la kioo na njaa yake? Nilishindwa. Basi kila asubuhi nikitoka hekaluni napita pale kabla Kishor hajafika. Filbert ananifungulia. Nampa maziwa yake kijiko kimoja. Filbert anageukia ukutani, anasema, 'Mimi sijaona kitu, bibi.' Mtoto mzuri sana yule."

"Na mlinzi?"

"Elisaria? Ananipa shikamoo kila siku."

Clotilda alitikisa kichwa. Mgeni hakuingia, kweli kabisa. Nani atamhesabu mama wa bosi?

"Ikafika siku yake ya kuzaliwa. Siku hiyo lazima abembezwe, nyumbani kwake, na nyimbo. Nikamwambia Filbert, niazime siku moja, kesho yake nakurudishia. Nikamwapisha asimwambie Kishor, ningemtia aibu mbele ya wakubwa wake. Filbert akaiunga na bembea, akamtoa taratibu, akanifungia vizuri kwenye kikapu."

"Kesho yake mbona hukumrudisha?"

"Nilishavaa! Kishor akapiga simu. Mama usije, wanapaka rangi, kifua chako. Nikasema basi amtume Filbert aje kwangu. Akaniambia Filbert amesafiri, amekwenda kwao Songea. Nikasema nitasubiri arudi." Aliwatazama mmoja mmoja. "Kwani kuna nini? Huko kwao kuna msiba?"

Bhoomi alianza kulia. Clotilda aliukumbuka moyo wa mama huyu, aliokabidhiwa kama yai. Akakumbuka pia kwamba kuna mtu amelala juu ya saruji siku zote hizi kwa sababu kila mtu anamhurumia bibi.

"Filbert hajasafiri, mama. Yuko mahabusu. Kishor amesema ameiba. Kesho anapelekwa mahakamani."

Nje mtu alikuwa anatangaza bei ya ndala kwa kipaza sauti. Ranjanben alikunja midomo, akashika ukingo wa kiti, akasimama.

"Ba, kaa, moyo wako!" Bhoomi aliruka.

"Huu moyo anauumwa baba yako, mimi sijawahi kuuumwa," bibi alisema. "Ndala zangu ziko wapi?"

*

Kituoni mambo hayakuchukua muda. Mkuu wa upelelezi alisikiliza, akauliza mara mbili kama mali ni ya bibi mwenyewe, akakuna kidevu.

"Mwenye mali kachukua mali yake. Sasa hapo nimshitaki nani?"

Kishor alifika mbio, kola wazi. Alimwona mama yake kwenye benchi la kaunta, kikapu mapajani, akasimama kama aliyemwagiwa maji. Alitaka kusema neno kwa Kigujarati. Mama yake akamjibu kwa Kiswahili, kwa makusudi, ili kila aliyekuwepo aelewe.

"Ulinificha nisife. Ungenieleza siku ile ile, Filbert asingelala hapa hata usiku mmoja."

Filbert alitolewa, mkononi ameshika mkanda wake. Alimwona bibi, akainama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu." Alimshika mkono, hakuuachia.

"Filbert," Kishor alisema, "lakini kwa nini hukusema? Neno moja tu!"

"Nilimwapia mama yako. Nikajua atarudisha, itaisha." Filbert alizungumza taratibu, kama mtu anayeeleza kazi kwa mteja. "Na wewe bosi hukuniuliza Lalji yuko wapi. Uliniambia mimi mwizi. Hilo nalo lina jibu gani?"

Kishor alitazama chini. "Nisamehe," alisema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi. "Jumamosi iko karibu. Rudi kazini, tutazungumza vizuri."

"Hapa hukuniita mwizi, bosi. Uliniita kule Mchikichini, mbele ya watu."

*

Clotilda alikwenda nao Mchikichini. Si kazi ya polisi kwenda kusikiliza watu wakiombana radhi, lakini waliomwaga yale magauni walikuwa askari wake, na hilo lilimkera rohoni kuliko alivyotaka kukubali. Ranjanben alikataa kubaki garini. Walipenya katikati ya meza, bibi mbele kabisa na kikapu chake, wauzaji wanampisha.

Selina alimwona mumewe kwanza. Gauni lilimdondoka. Alimshika mashavu kwa mikono yote miwili, akamkagua kama anamtafuta jeraha, kisha akamwona aliyesimama nyuma yake. Uso ukabadilika. Akaokota gauni lake, akaanza kulikung'uta.

Clotilda alitangulia. "Selina, mimi ndiye mkuu wa wale askari. Tulikosea, na tuliharibu biashara yako. Samahani."

Selina alimtazama, akaitikia kwa kichwa. Bado mmoja.

Kishor alikohoa. Kulia kwake kijana alikuwa amepanda juu ya rundo la mashati, anapiga makofi: "Buku, buku! Chagua mama, buku!" Kushoto wanawake wawili waliacha kuchambua nguo. Muuza viatu alipunguza redio.

"Selina," Kishor alisema kwa sauti ndogo, "mume wako hakuiba. Mimi nilikosea. Naomba radhi."

Kijana wa mashati alikuwa bado anapiga makofi. Selina alilikunja gauni, akaliweka mezani, akalinyoosha kwa kiganja.

"Sijasikia, mzee," alisema. "Rudia."